Bastola ya Babu Anton

Baba yangu, Gaylen Obermiller, na mdogo wake Verlin walikuwa na ugonjwa mmoja: bastola kuukuu za fataki, zile za enzi za walowezi, zinazoshindiliwa baruti na risasi kwa mbele. Kwetu Ainsworth, Nebraska, kila nyumba ina bunduki ya kuwindia, lakini hizi za kwao hawakuzipiga. Walizipaka mafuta, wakazigeuzageuza, wakabishana.

Baba mdogo Verlin hakuoa. Kila Jumapili baada ya kanisa alikuja kwetu na bastola iliyofungwa kwenye taulo, akala chili, ule mchuzi wa nyama na maharage, na mikate ya mdalasini, kisha akaifungua mezani.

"Shemeji, kutana na mke wangu," alimwambia mama.

"Huyo umepata. Hajibizani nawe," mama alisema, na baba alicheka mpaka akatokwa machozi.

Iliyowakosesha usingizi wote wawili ni moja tu, ya babu yao Anton. Alirudi nayo kutoka vitani akaja nayo huku uwandani, na alikuwa amechonga herufi za jina lake kwenye chuma cha mpini. Iliuzwa miaka ya ukame ili watoto wapate kula. Baba na Verlin walikua wakisimuliwa habari zake, wakazeeka wakiitafuta minadani.

Baba akaipata kwa muuzaji mmoja wa mjini Cheyenne. Hakumwambia mtu. Aliingoja siku ya maonyesho ya bastola, kwenye ukumbi wa kilimo, watu wamejaa, ndipo akafunua kitambaa chekundu.

"Babu amerudi nyumbani," alisema.

Watu walipiga makofi. Wengine walivua kofia. Verlin aliishika, akatoa kioo chake cha kukuzia, akainamia zile herufi. Akazipitishia ukucha moja moja.

"Sema basi! Umekuwa bubu?" baba alimwambia, bado anatabasamu.

"Gaylen, si yenyewe."

"Nini?"

"Kutu imekula chuma chote, lakini haikuzila herufi. Zimechongwa juu ya kutu. Mtu amezichonga juzijuzi."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Obermiller kauziwa bomba la maji!" Watu wakaangua kicheko. Baba aliifunga bastola, akatoka bila kuaga. Walikuwa wamekuja kwa gari moja. Verlin alirudi kwa kuomba lifti.

Baada ya hapo hawakusemezana. Kanisani baba alihamia benchi la upande wa pili. Mama alipofariki, Verlin alishika jeneza upande mmoja na baba upande mwingine, na wakaliteremsha kaburini bila kutazamana. Mara nyingi nilimwomba baba amsamehe. Alijibu jambo lile lile: "Hakusema uongo. Nimsamehe nini?"

Kisha baba akapata saratani ya mapafu. Alipokuwa hawezi tena kuinuka, nilimpigia simu baba mdogo bila kuomba ruhusa. Alifika mchana ule ule, theluji imemjaa mabegani, akasimama mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba.

"Ingia, baridi inaingia," baba alisema kutoka kitandani.

Verlin aliomba aione ile bastola. Nikaitoa kabatini. Akakaa karibu na dirisha, akaiinamia na kile kioo chake.

"Nilikosea," alisema. "Siku ile mwanga ulikuwa mbaya. Ni ya babu."

Baba alimtazama.

"Verlin, wewe hujui kudanganya. Hata mama yetu ulimwambia keki yake ya Krismasi ina ladha ya sabuni."

"Nimejifunza."

"Umejifunza vibaya."

Wakacheka wote wawili, na kicheko cha baba kikageuka kikohozi. Nilimshika mgongo mpaka kikatulia. Ndipo akasema, taratibu, "Mimi nilijua. Nilijua tangu Cheyenne. Nilitaka tu iwe ya babu."

Verlin alisogea kitandani, akaiweka bastola juu ya blanketi.

"Ungeniambia kwenye gari, mdogo wangu. Njia nzima ya kurudi tungekuwa wawili tu."

Baba mdogo aliinama mpaka paji la uso likagusa godoro. Baba akaweka mkono juu ya kichwa chake, akauacha hapo. Niliwaacha, nikaenda jikoni, nikafungua maji ya bomba ili nisiwasikie.

Verlin hakurudi kwake. Alilala kwenye kiti karibu na kitanda, akamlisha baba supu kwa kijiko, akamnyoa ndevu. Jumapili iliyofuata baba alifariki.

Bastola zake zote Verlin alizipeleka jumba la makumbusho la wilaya. Ile ya uongo akabaki nayo. Nilimwambia anipe mimi, akakataa bila maelezo.

Siku hizi anakaa kwangu. Masika yaliyopita vijana wa maonyesho walikuja na bastola waliyoinunua Kansas, wakamwomba aichunguze wajue kama ni ya kweli. Hakuigusa.

"Tafuteni mwingine, wanangu," aliwaambia. "Macho yangu yamekwisha."

Walipoondoka alirudi kwenye kiti chake karibu na jiko, akachukua shati lililokuwa likingoja kifungo, akatunga uzi kwenye sindano, bila miwani, mara moja.