Mashavu ya Mama Kwenye Simu Mpya

Ninaandika haya nikiwa na wasiwasi kwamba sitayapanga vizuri, maana shule niliiacha darasa la sita, na kuandika nimejifunza kwa kuandika. Lakini nikiyaacha yapite nitaanza kuyasimulia kwa mdomo, na kwa mdomo huwa naongeza chumvi.

Siku simu ile ilipozinduliwa, Nakivubo, hapa Kampala, hapakupitika. Mimi nauza mitandio hapo, na mlango wangu unatazamana na duka la simu. Asubuhi walileta spika kubwa kuliko friji, wakatandika zulia jekundu juu ya vumbi, na wasichana waliovaa tisheti za rangi moja wakaanza kucheza. Nilikasirika kwa sababu wateja wangu walikuwa hawaingii. Baada ya muda nami nikafunga nusu ya mlango, nikaenda kutazama. Kwa hiyo sina haki ya kuwasema wengine.

Kijana mwenye kipaza sauti alimpiga picha mwenzake mbele ya duka. Nyuma yao alikuwa amesimama mtu wa boda, anakula muhogo wake. Kijana akaonyesha picha kwenye kioo kikubwa, akamzungushia yule wa boda kidole, na yule mtu akatoweka. Hakuacha hata kivuli. Mahali alipokuwa pakaota ukuta, matofali yamepangika sawasawa.

"Banange!" watu wakapiga kelele.

Mtu wa boda akasogea na muhogo wake. "Sasa mimi niko wapi?"

"Wewe umeshaenda, ssebo," mwanamke mmoja akamjibu. "Mkeo anakutafuta huko."

Tulicheka sana. Mimi nilicheka, halafu nikashtuka. Nilimtazama yule mtu, nikatazama kioo, nikamtazama tena. Nilijiambia ni ushamba wangu tu, kwamba watu waliosoma hawashtuki kwa vitu hivi. Lakini kando yangu alikuwa amesimama mtu wa tai aliyetoka ofisi za Nakasero, na yeye pia alikuwa ameshika mdomo.

Jioni mdogo wangu wa kiume, anayeuza vipuri vya magari mitaa miwili kutoka kwangu, alikuja na boksi la simu hiyo chini ya kwapa.

"Dada, nimeinunua kwa ajili ya mama," akasema. "Usianze."

Sikuanza. Najua anapenda vitu vipya, lakini safari hii alikuwa na sababu, na sababu yenyewe lazima niieleze.

Mama yetu ana dada yake mkubwa, ambaye sisi tunamwita mama mkubwa; aliolewa Kibera, Nairobi, zamani, sisi hatujazaliwa. Kisha vita vikaja, watu wetu, Wanubi wa Uganda, wakakimbilia Sudani, na huko mama akapoteana na kila mtu. Kibera wakaletewa habari kwamba amekufa njiani. Mama mkubwa alilia, akamsomea hitima, watu wakala pilau, ikaisha. Sisi tuliporudi Uganda na mama tulikuwa wadogo, hatukuwa na anwani ya mtu. Miaka ikaenda hivyo. Mwaka huu, msichana mmoja anayesuka nywele huko Nairobi alikutana na jirani yetu, wakaongea kuhusu ukoo, na kumbe ni mjukuu wa mama mkubwa. Akatupigia. Mama akaishika simu kwa mikono miwili kama bakuli la uji wa moto.

Lakini mama mkubwa hakukubali. Masikio yake yamekufa karibu yote, sauti haimsaidii. Na watu walishawahi kwenda kwake wakijifanya wana wa ndugu yake, wakamsumbua, akaumia. Akasema, kama ndugu yangu yu hai, nileteeni uso wake. Vidio hakutaka. Alisema kwenye vidio mtu anatingishika tu, yeye anataka uso uliotulia.

"Mimi huko Kibera ni marehemu," mama alikuwa anasema. Alisema kama mzaha, lakini akisema anageukia ukutani.

Safari ya basi mpaka Nairobi mama haiwezi tena, na simu zetu zilikuwa mbovu kwa picha. Yangu kamera ina ufa. Ndiyo maana mdogo wangu akanunua ile.

Tulikwenda Luzira nyumbani kwa mama siku ya Ijumaa, baada ya swala. Alikuwa ameketi kwenye mkeka kibarazani, anasuka kawa la kufunikia chakula, ukili wa rangi umemjaa mapajani. Alipoambiwa picha, akaingia ndani kubadilisha. Akatoka na shuka lake jipya na mtandio mweupe, akaketi amenyooka, hataki kucheka.

"Mama, cheka kidogo," mdogo wangu akasema.

"Nacheka na nani? Ananitazama mtu aliyenizika."

Akapiga. Tukainama wote juu ya simu. Wallahi, picha ilikuwa nzuri. Sitaidhulumu. Ngozi inang'aa, macho maangavu, hata jicho la kushoto lenye ukungu lilionekana zima. Nilisema, "Mama, umekuwa msichana." Mama akaisogeza simu karibu, akaisogeza mbali, akasema anaona mtu mweupe tu. Mdogo wangu akauliza, "Tutume?" Mimi nikasema tuma.

Jibu lilikuja kesho yake asubuhi, niko dukani. Ilikuwa sauti ya yule mjukuu, na nyuma yake kulikuwa na mtu anafoka kwa Kinubi.

"Anti, pole. Nyanya amekataa kabisa. Anasema hata kudanganya hamjui. Anasema ndugu yake alichanjwa chale, na huyu mama shavu lake ni kama yai. Anti, mmetuma picha ya nani?"

Nikafungua picha. Nikaivuta kwa vidole ikawa kubwa. Shavu la kulia. Shavu la kushoto. Hakuna kitu.

Kwa asiyewajua watu wetu: wanawake wa umri wa mama walichanjwa mistari mitatu kila shavu, kutoka chini ya jicho kwenda karibu na mdomo, wakiwa watoto, wembe na majivu. Ndiyo ilikuwa alama ya binti wa Kinubi. Sisi tuliofuata hatukufanyiwa. Chale za mama ni nene, unaweza kuzisoma kwa kidole gizani. Nilipokuwa nanyonya nadhani nilizishika. Na simu ilikuwa imezipiga pasi zote sita kama mikunjo ya nguo.

Lakini kilichonishtua hasa si simu. Simu haimjui mama. Kilichonishtua ni kwamba mimi namjua, nikaitazama picha ile kwa macho yangu mawili, nikasema umekuwa msichana, na sikuona kilichokosekana. Mtoto wake wa kumzaa. Nilikaa kwenye kiti cha dukani nikijiuliza huwa naangalia nini nikimwangalia mama. Bado najiuliza. Mdogo wangu naye hakuona, nilimpigia nikamwuliza.

"Labda tumezizoea," akasema.

Labda. Sitaki kujisafisha kwa neno hilo, lakini sina lingine.

Nilivuka barabara kwenda duka la simu nikiwa nimewaka. Msichana wa tisheti alinipokea vizuri, sina la kumsema.

"Mama, hapana ogopa. Hiyo ni urembo, inakujanga yenyewe. Inatoa chunusi, inatoa kovu, inatoa kila kitu mbaya."

"Nani amekwambia ni mbaya?"

"Si mimi, nnyabo. Ni simu."

Akanionyesha mahali pa kuizima. Ni kamstari, unakavuta mpaka mwanzo. Kabla ya kukavuta akanipiga picha mimi, nami nikaona uso wangu bila yale madoa ya jua, na naapa nilipendeza. Nilifurahi hata nikasahau kidogo kilichonileta. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jioni tukampiga mama picha ya pili, urembo umezimwa. Kwanza ilibidi tumweleze. Mdogo wangu alieleza, mimi nilitazama ukili. Mama aliweka kiganja shavuni, akapapasa taratibu, la kulia, la kushoto, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa. Kisha akaomba ile picha ya kwanza. Akaileta karibu kabisa na jicho lake zima.

"Kwa hiyo ningekuwa hivi," akasema.

Sikujua kama alikuwa anasikitika au anapenda. Nilitaka kumwuliza, nikaogopa. Mdogo wangu alipotaka kuifuta, mama akamzuia. "Iache. Haijakukosea kitu."

Picha ya pili ilionyesha chale zote. Tulihesabu, safari hii tulihesabu! Tukatuma, tukangoja. Majibu hayakuchelewa.

"Anti, sasa ndiyo mmeharibu. Nyanya anasema jana shavu lilikuwa laini, leo lina chale. Anasema mmechora. Anasema simu za siku hizi zinaweza kuchora chochote, ameona kwenye televisheni. Anti, hata mimi sijui niamini nini. Anasema hata ule mstari mmoja wa ndugu yake uliokaa vibaya mmeuchora, lakini sababu yake anaijua yeye na marehemu tu. Asitumiwe tena picha."

Mdogo wangu aliirusha simu kwenye godoro. "Nimemuua mama mara ya pili," akasema, na alikuwa hatanii. Nilimwambia alinunua kwa moyo mzuri. Lakini nilimwelewa mama mkubwa. Angeniletea mtu picha kama hizo mbili, siku mbili mfululizo, mimi pia ningekataa. Sikuona kosa lake liko wapi.

Nikamwandikia mjukuu, nikamsihi atusaidie kwa vidio, mara moja tu. Alifikiria, akasema, "Nitamwekea simu mbele akinywa chai. Akiondoka, ameondoka."

Ikawa Jumapili asubuhi. Mdogo wangu alishika simu kwa mikono miwili, urembo umezimwa, akahakikisha tena na tena. Kwenye kioo akatokea mwanamke mzee mwenye kikombe, mashavu yake yana mistari mitatu mitatu. Alipotuona akakunja uso.

"Ni nini hii? Ni wale wale?" akamwuliza mjukuu wake kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia.

"Dada!" mama akaita. "Dada, ni mimi!"

Hakusikia. Mjukuu akamsemea sikioni. Mama mkubwa akaweka kikombe chini na kuanza kujiinua kwa kushika meza.

Mama akaacha kuita. Alinigeukia, akanivuta mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, nikaanguka mkekani. Akakiweka kichwa changu katikati ya magoti yake, akakibana, uso wangu umeelekea juu. Nilikuwa natazama kidevu chake. Mimi mtu mzima mwenye wajukuu.

"Mama, unafanya nini?"

"Nyamaza. Shika simu vizuri wewe," akamwambia mdogo wangu. "Aone."

Kwa mkono mmoja akanishika kichwa, kwa ukucha wa kidole cha shahada akaanza kunichora shavu la kushoto. Mstari wa kwanza, taratibu, kutoka chini ya jicho. Uliniuma. Mstari wa pili. Alipofika wa tatu, katikati yake, akaachia kichwa changu ghafla, akauinua mkono uliokuwa umenishika, akatazama upande kama mtu aliyeitwa na mtu mlangoni. Kichwa changu kikateleza kwenye paja lake, na ukucha ukakwaruza kuelekea sikioni.

Nilikuwa nimelala pale, sioni kioo. Nilisikia tu kiti kikikwaruza sakafu huko Kibera.

"Nilikwambia utulie!" ikaja sauti ya mama mkubwa, kali, ya mtu anayegombeza mtoto. "Nilikwambia tulia, wewe ukageuka!"

"Wewe uliniachia!" mama akapiga kelele, anajua hasikiki. "Ulikuwa umenishika wewe! Ukaenda kutazama arusi inapita! Uliniachia!"

"Amesema nini?" mama mkubwa akauliza. "Mwambieni aseme polepole. Amesema nini?"

Mjukuu akajaribu kumsemea sikioni lakini alikuwa analia, maneno hayatoki sawa. Mdogo wangu alikuwa analia pia, simu inatingishika, na mama akampiga kwenye goti ili aishike sawa. Nilijaribu kuinuka. Mama hakuniachia, nikageuza tu kichwa mpaka nikakiona kioo.

"Mwulizeni," akasema, na sasa alikuwa anacheka, machozi yake yananidondokea usoni, "mwulizeni ile pilau ya hitima yangu, nani aliipika? Ilikuwa na nyama?"

Mjukuu akamfikishia. Mama mkubwa akakaa tena, taratibu. Akasogeza uso kwenye kioo mpaka ukabaki shavu tu.

"Mbuzi wawili," akasema. "Wewe uliyestahili kuku tu, nilikuchinjia mbuzi wawili."