Skola, Aliyetuimbisha Riwaya Nzima

Mpaka naandika hapa akili inakataa. Skola wetu wa dawati la wateja amefariki jana alfajiri, baada ya kuugua kwa muda mfupi.

Ngoja niwaambie tumempoteza nani, maana wengi wenu mlimjua kwa sauti ya simu tu.

Skola alikuwa mtu wa kusoma riwaya lunch time, anakula mihogo huku kitabu kimeegemezwa kwenye chupa ya chai.

Mwaka juzi alipata riwaya moja ya zamani, jalada limeshachanika. Ni habari za mjane anayenyang'anywa shamba na shemeji zake. Akawa anatusomea kwa sauti. Akifika penye ugomvi, maneno ya mjane anayaimba, wala hajui kama anaimba.

Kwenye meeting ya kupanga sherehe ya ofisi watu wakabishana pilau au nyama choma. Yeye akanyoosha mkono: "Tuigize kile kitabu. Chote kwa nyimbo."

Bosi akamtazama. "Skola, sisi tunauza mbolea."

"Ndiyo, bosi. Ila nusu ya ofisi hii jioni iko mazoezi ya kwaya."

Hapo hakuna aliyebisha. Mimi nikapewa shemeji mkubwa, yule mbaya kuliko wote. Skola alisema nina sura inayofaa.

Kitabuni mjane anashindwa, anafunga mizigo na kuhama kijiji. Skola hakuupenda mwisho huo hata kidogo. Akatunga wimbo mwingine, mjane akabaki shambani kwake.

Kumbe mwandishi yupo hai, mzee anayelima mahindi kijijini Mpitimbi. Nikamshauri Skola tunyamaze, nani atamwambia? Akasema, "Kitabu ni chake. Twende."

Tukaenda kwa pikipiki. "Shikamoo baba." "Marahaba, wanangu, karibuni." Skola akamweleza yote, hata habari ya mwisho kubadilishwa.

Mzee alikunja uso hadi nikaanza kuitazama pikipiki yetu. Kisha akasema, "Yule mama aliondoka kweli. Ni dada yangu. Amefia ugenini."

Skola akapiga magoti. "Tusamehe, baba. Tutauacha kama ulivyouandika."

"Sijasema hivyo. Hebu niimbie huo mwisho wenu."

Skola akasimama pale uani, kuku wanapita miguuni, akaimba. Mzee alitokwa na machozi, halafu akaanza kucheka, akamwita mkewe jikoni: "Njoo usikie, dada amebaki."

Tuliimba mara tatu siku ile. Mara ya tatu bibi akashika sauti ya pili, tukarudi mjini na debe la mahindi mabichi.

Siku ya show ukumbi wa Lizaboni ulijaa hadi watu wakachungulia madirishani. Nilisahau ubeti wangu mzima wa kumfukuza mjane. Skola, ambaye ndiye alikuwa mjane, akajifukuza mwenyewe kwa sauti nzito kama yangu, kisha akajijibu. Watu waliangua kicheko, bosi akashika mbavu.

Mwishoni mzee alipanda jukwaani, akasema, "Hiki nilikiandika kwa uchungu. Leo kimenifurahisha." Akamshika Skola mkono, wakacheza.

Juzi nilikwenda kumwona wodini. Nesi akaniambia, "Mgonjwa wako anatusumbua, anasimulia hadithi wodi nzima, ikifika patamu anasema endelea kesho." Skola alicheka, ingawa sauti ilikuwa imebaki kidogo sana.

Jana nilirudi kuchukua vitu vyake. Mama wa kitanda cha jirani akanishika mkono, akanipa pole. Kisha akauliza kwa aibu, "Samahani, kaka. Yule mjane ilikuwaje?"

Nikavuta kiti, nikamsimulia. Nilipofika mwisho nikaimba. Sauti yangu mnaijua. Yule mama alifumba macho, akatabasamu, na wa kitanda cha pili yake nao wakaomba nirudie.

Nikarudia, Skola. Bila kusahau hata ubeti mmoja.

Umetuchekesha sana, dada yetu, na tutaendelea kucheka tukikutaja. Mungu akupokee. Ulale kwa amani.