Dodo Lenye Matundu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchagua jani zuri mno.

Nilikuwa na uduvi ishirini na wawili ndani ya tangi la kioo, chumbani kwangu Kasese. Ni wekundu, wadogo kama punje ya mchele, na wanafugwa ili watazamwe tu. Rafiki aliwaleta kutoka Kampala ndani ya chupa ya maji. Kuwatunza nilijifunza mwenyewe kwenye simu, nikiandika daftarini, na nikikosea herufi moja nilichana ukurasa wote nikaanza upya. Ndivyo nilivyo, sijivunii.

Niliposoma kwamba wanapenda mboga iliyochemshwa kidogo, nikaenda sokoni kununua dodo, mchicha wa kwetu. Nilifungua kila fungu, nikirudisha jani lenye tundu, lenye doa, lililojikunja. Muuza mboga akaniuliza kama ninampikia askofu. Nilipata moja lisilo na dosari, nikaliosha mara tatu, nikalichemsha dakika moja kamili, nikalizamisha kwa kijiwe.

Walilivamia wote. Nilifurahi, nikawapiga picha. Asubuhi yake kumi na watano walikuwa wamekufa.

Nililaumu maji, kioo, mikono yangu. Walibaki saba, na kati yao jike mmoja aliyebeba mayai chini ya tumbo. Mayai hayo ndiyo yaliyokuwa tumaini langu: jike akifa, yamekwisha. Niliogopa hata kuwapa chakula.

Siku ya soko nikaenda Bwera kwa mama mdogo, anayelima mboga Karambi na kuziuza pale. Nilimsimulia yote nikisubiri pole. Alicheka mpaka akashika meza.

"Weye mutoto, umesoma yote hiyo, na bado unachagua mboga na macho?"

"Sasa nichague na nini, mama?"

"Na wadudu. Jani yenye mududu ya shamba imekataa, weye unapatia mududu ya nyumba?"

Mwanamke wa meza ya nyanya, jirani yake, akadakia: "Na hao wadudu yako, supu yao iko tamu?"

"Hawaliwi," nikasema.

"Basi hao beko wageni. Wanakula, kazi hapana."

Mama mdogo alipomaliza kucheka akanieleza. Mboga za kuuza hupuliziwa dawa ya kuua wadudu, kwa sababu wateja kama mimi hukataa tundu. Za kula nyumbani hupandwa nyuma ya jiko, na hizo hazipuliziwi. Likizo zangu zote za utotoni nilikula kwake dodo lililotobolewa kama chujio, nikidhani tunakula majani yaliyokataliwa sokoni. Kumbe tulikuwa tunakula yale ambayo hakutaka kuyauza.

Jioni alinipeleka nyumbani Karambi, nyuma ya jiko lake, akachuma majani mabovu kuliko yote aliyoyaona, kisha akaokota majani makavu chini ya mpera, ambao nao haupuliziwi. "Peleka. Ukichagua tena nitakuchapa."

Nilirudi Kasese nikachemsha jani moja, lenye matundu tisa. Nakiri niliyahesabu. Nikalizamisha, nikaketi mbele ya kioo. Jike alikuja wa mwisho, polepole kwa uzito wake, akapanda, akaingiza kichwa kwenye tundu moja na kuanza kula pembezoni. Kesho yake bado alikuwa pale, akila. Nikaongeza jani la mpera. Wiki chache baadaye niliona juu ya jani hilo vijidoa vinavyotembea. Nilifuta kioo kwa shati, nikidhani ni vumbi. Walikuwa watoto.

Siku hizi sijui nina uduvi wangapi. Dodo linaota ndani ya ndoo mbili nje ya mlango wangu, silipulizii dawa, na jani lisilo na tundu siwapi.