Kupimwa Nguo Barabarani

Vijana wakiniuliza Songea ya miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, ilikuwaje, huwa nawajibu kwamba ilikuwa na nguo. Kabla ya hapo tulipanga foleni kwenye duka la ushirika kwa ajili ya doti moja ya khanga, na ukiipata unakuta mtaa mzima mmevaa ua lilelile. Halafu ghafla marobota ya mitumba yakaanza kushuka kwenye malori kutoka Dar, na barabara niliyoipita kila siku kutoka Lizaboni kwenda mjini ikajaa meza pande zote mbili. Tulifurahi jamani, nisiwe mnafiki. Koti langu la kwanza la sufu nililinunua pale, na baridi yetu ya Juni siyo ya kuchezea.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini. Baba alikuwa ameshafariki, nyumbani tulibaki watatu: mama, mimi, na mdogo wangu wa mwisho, binti aliyekuwa kidato cha tatu katika shule ya kutwa iliyojengwa kwa michango ya wazazi. Mimi ndiye niliyemsomesha. Mama alishasema wazi kwamba msichana akifika kidato cha pili ametosha, na tayari kuna watu wa heshima walikuwa wamekuja kuulizia. Nikamwambia, mama, huyu anamaliza, tena anakwenda kusomea uuguzi. Tuligombana mpaka akaacha kunisemesha wiki nzima. Alipokuja kukubali alitoa sharti moja: siku atakayosikia mwanawe anachezewa njiani, basi, sare inavuliwa na shule imekwisha. Mama hakuwa mtu wa kusema kitu mara mbili.

Sasa wale wauzaji. Walikuwa na mtindo wao wa kazi. Hawakukaa nyuma ya meza kungoja mteja, walisimama katikati ya njia na nguo begani, na mwanamke akipita wanamwekea sketi kiunoni hapohapo anapotembea. "Saizi yako hii, dada! Ona ilivyokukaa!" Mkono mmoja uko mbele umeshika sketi, mwingine uko nyuma, eti unavuta mkanda ikae sawa. Blauzi ndiyo ilikuwa balaa, maana blauzi hupimwa kifuani. Ukikasirika, meza zote zinapiga mayowe: "Hana hela huyo! Anaringa na khanga moja!" Ukikaza mwendo wanakufuata wakitangaza ukubwa wako barabara nzima isikie. Nimepimwa mimi nikiwa nimebeba madaftari ya wanafunzi mikono yote miwili. Nilimwona mama mmoja mjamzito akiwekewa kigauni cha mtoto tumboni, na watu wakacheka mpaka wakashika magoti.

Wanaume hawakupimwa. Suruali zao zilikunjwa vizuri mezani, mwanaume anasimama, anachagua kwa raha zake, analipa, anaondoka.

Mmoja wa wauzaji hao alikuwa Mhehe kutoka Iringa, mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya bonde. Na kwake huyo ndiko nilikokosea. Sisi Wangoni na Wahehe ni watani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, na kilichobaki kwetu wajukuu ni matusi ya kuchekesha na ubishi wa nani alimkimbia nani. Mtani wako anaweza kuingia msibani kwenu akajilaza kwenye kitanda cha marehemu akidai aletewe chai, na wewe ukinuna, mwenye kosa ni wewe. Ndivyo tulivyolelewa. Kumkasirikia mtani ni aibu, watu watasema huyu hakufunzwa kwao.

Siku ya kwanza aliponiwekea sketi, niliisikia lafudhi yake nikamwuliza, "Wewe Mhehe?" Akasema ndiyo. Badala ya kuupiga kofi mkono wake, nikamjibu kwa mdomo: "Babu yako alitukimbia mpaka akaangusha mkuki, leo wewe unataka kunishika kiuno?" Barabara ikaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka akipiga makofi. Niliondoka kifua mbele, nikijiona nimewaweza. Mjinga mimi! Kuanzia siku hiyo akawa ananiita mtani, kila asubuhi na kila jioni, na mimi nikawa najibu. Na kwa kuwa mimi ni mtani wake, mdogo wangu naye akawa mtani wake.

Mdogo wangu hakuwa na mdomo kama wangu. Alikuwa msichana wa kuinamisha macho na kupita. Nilianza kusikia kutoka kwa mwalimu wake wa darasa kwamba anachelewa na anachapwa kwa kuchelewa. Nilipomfuatilia nikakuta anazungukia mashambani, upande wa Mshangano, anakanyaga umande na matope, anafika shule viatu vimelowa na kengele imeshalia. Nikamfokea. Nilimwambia mimi naumia kumlipia ada, yeye anatembeatembea mashambani kama hana akili, apite barabarani kama wenzake.

Jumamosi moja tulikuwa tunafua uani, mama yuko kanisani. Mdogo wangu alikuwa anasugua kola ya shati lake la shule, akasema bila kuniangalia, "Dada, jana nilipita barabarani kama ulivyoniambia. Wamenipima watatu. Mmoja huku, mmoja huku, mmoja huku, na yule mtani wako alikuwa anashangilia." Nikamwuliza huku wapi. Akanionyesha kwa mikono yake yenye povu. Kisha akasema, "Usimwambie mama. Mama atanitoa shule."

Nikamwambia kwamba mama hatajua, na wale watu watanijua mimi ni nani. Nitakwenda polisi. Alinitazama kwa macho ambayo siyasahau, alikuwa ameamini kabisa.

Jumatatu baada ya vipindi tulikwenda wote wawili kituoni. Nyuma ya kaunta alikuwepo koplo mmoja, mtu mzima, amevaa sweta juu ya sare. Nikamwamkia, shikamoo afande, akaitikia marahaba mwalimu, karibuni. Nilieleza kila kitu kwa utaratibu, kama ninavyofundisha. Alisikiliza kalamu ikiwa mezani. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo kuna jeraha?"

"Hakuna jeraha, afande."

"Wamechukua kitu? Pochi, saa?"

"Hapana."

"Wametukana matusi ya nguoni?"

Nikasema wanamshika. Akamgeukia mdogo wangu. "Walikushika wapi? Hebu simama uonyeshe." Mdogo wangu alisimama. Mle ndani kulikuwa na askari wengine wawili na mzee mmoja aliyekuja kudai mbuzi wake. Alinyanyua mikono kidogo, akaishusha, akakaa. Koplo akasema basi, kama mlalamikaji mwenyewe hasemi, yeye ataandika nini? Siku hizi biashara ni ruksa mwalimu, mtu kuonyesha bidhaa yake siyo kosa.

Nikakataa kuondoka. Nilisema nitakaa kwenye lile benchi mpaka kesho. Na kweli nilikaa, nimemshika mdogo wangu mkono, na nadhani walichoka kunitazama. Mgambo mmoja akatumwa akamwite yule Mhehe.

Alikuja upesi, wala hakukokotwa. Alikuja na nguo zake begani kama alivyokuwa kazini. Alipotuona akajitupa sakafuni, kifudifudi, akaanza kulia kwa sauti ya msibani. "Nakufa mie! Wangoni walishindwa kutumaliza vitani, sasa wanakuja kutumalizia kituoni! Afande, niandikie barua kwa mama yangu Iringa!"

Askari wakaanza kucheka. Koplo akainuka kumtazama vizuri pale chini. "Wewe Mhehe?"

"Mhehe wa kuzaliwa, afande. Na huyu mwalimu ni mtani wangu wa kila siku. Mwulize kama tulipokutana hakumtukana babu yangu."

Koplo akanigeukia, uso umeshalainika. "Mwalimu, ni kweli ulimtukana babu yake?"

Nilikubali.

"Aa, mwalimu!" akasema koplo, na kalamu akairudisha mfukoni. "Mimi mwenyewe Mngoni. Unataka nimweke ndani mtani? Tutachekwa mpaka Iringa."

Nikasema mimi utani wangu na yeye ni wa mdomo, na huyu ni mtoto wa shule, na haya siyo mambo ya utani. Nilikuwa nimeanza kupandisha sauti, na niliona wanavyonitazama, mwanamke asiyejua mila. Ndipo yule Mhehe alipoinuka, akajifuta vumbi, akachomoa sketi moja ya marinda, ya rangi ya waridi, akaizungusha kiunoni kwa koplo, juu ya sweta na mkanda wa kazi. "Saizi yako hii, afande! Ona ilivyokukaa! Geuka, tukuone nyuma!"

Na koplo, mtu mzima yule, akageuka. Akashika marinda kwa vidole viwili akazunguka mara moja. Askari waliegemea ukuta. Mzee wa mbuzi alitoa machozi.

Na mimi nikacheka.

Nimejaribu miaka mingi kujitetea. Nimejiambia ni uchovu, kwamba tangu asubuhi nilikuwa sijala. Nimejiambia kwamba mtani akikufanyia kichekesho mwili unacheka wenyewe, tumefundishwa hivyo tangu utotoni. Yote kweli. Lakini nilicheka kwa sauti, mkono mdomoni, na nilipogeuka mdogo wangu alikuwa ananiangalia. Uso wake haukuwa na hasira. Aliutoa mkono wake mkononi mwangu taratibu, akauweka mapajani pake.

"Umeona, mwalimu?" Koplo alikuwa anavua sketi, anahema. "Hata mimi amenipima. Nimeumia?" Kisha akatuamuru mimi na yule Mhehe tushikane mikono. Tukashikana. Akamwonya kwa kidole, akamwambia apunguze, naye mdogo wangu akaambiwa asome kwa bidii.

Tulirudi kwa barabara ileile, kwa sababu ilikuwa jioni na mashambani kuna giza mapema. Yule Mhehe alishatangulia kwa lifti ya baiskeli ya mwenzake, na habari ilikuwa imeshafika kwenye meza zote. Walikuwa wanatungoja. "Karibuni wateja wa polisi!" wakasema. Akaja yeye mwenyewe, na ile sketi ya waridi, akamwekea mdogo wangu kiunoni, akavuta nyuma, taratibu, kama mtu mwenye kibali. "Afande amesema hii siyo kosa, mtani."

Nilimsukuma. Nilimtukana matusi ambayo sikujua kama ninayo, ya nguoni kabisa, nikampiga na mkoba wangu. Wenzake walishangilia, wakasema mtani leo moto. Hakuna tusi ambalo ningelitoa likawa tusi tena kwa yule mtu. Lakini kilichonimaliza ni mdogo wangu. Siku zote alikuwa akikwepa, anajikunja, anakimbia. Siku ile alisimama tu, mikono imening'inia, anatazama mbele, anasubiri amalize.

Tulipofika nyumbani mama alikuwa jikoni anasonga ugali. Nilikuwa natafuta namna ya kuanza uongo, niseme tulichelewa kwenye mkutano wa wazazi. Mdogo wangu alipita mbele yangu, akapiga magoti pale kwenye moto, akamwambia mama mwenyewe. Yote: mikono mitatu, mashamba, kuchapwa, kituoni, sketi. Jambo moja tu hakulisema, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni namngoja alitaje.

Mama hakupiga kelele. Aliepua chungu, akasema, "Haya. Nilishasema." Mdogo wangu akaenda chumbani, akarudi na sare imekunjwa, sketi chini, shati juu, akanipa mimi. Yeye, aliyeniomba nisimwambie mama.

Nikamfuata uani. Nilikuwa nalia sasa, mimi niliyekuwa mkubwa. Nikamwambia usivunjike moyo, mdogo wangu, koplo siye mwisho wa polisi, kuna mkuu wa kituo, kuna mkuu wa wilaya, kesho sifundishi, asubuhi na mapema narudi kule kituoni.

Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Ukacheke tena, dada?"