Magoti ya Mama Josephina

Kama kuna mwanamke Mpanda nzima aliyejua kupiga magoti, ni Pudensiana. Alifundishwa na mama yake kule Mpimbwe tangu hajaota meno ya pili: ukimkuta mume, mkwe au mzee yeyote, magoti chini kwanza, maneno baadaye. Angemkuta mkwewe kwenye matope ya masika, angepiga kwenye matope hayohayo. Heshima hiyo ndiyo iliyomponza mwaka 1996, mpaka akafika mahali pa kuyachukia magoti yake mwenyewe.

Mumewe, Luhende, alikuwa mtu wa ngumi. Miaka kumi na miwili ya ndoa ilikuwa imemwachia Pudensiana makovu mawili, moja juu ya jicho, jingine kwenye kiwiko. Mwaka huo Luhende akatangaza, tena huku anakula, kwamba mavuno ya mahindi yakiisha anaoa mke mwingine, na huyo mgeni ataingia katika nyumba yao ya matofali ya kuchoma. Pudensiana, asipopenda, abebe masufuria yake arudi kwao. Hapo moyo ukakataa. Matofali ya nyumba ile aliyafyatua yeye, akiwa na mimba ya Josephina, maji akiyachota mtoni kwa ndoo. Kipigo alikuwa amezoea kukimeza. Nyumba isingemezeka.

Kaka yake alikuja na dawa ya haraka: warudishe ng'ombe wa mahari, mambo yaishe. Pudensiana akamwomba asubiri kidogo, akaenda kwa Pelagia, afisa maendeleo ya jamii, mama mfupi asiyejua kuongea polepole.

"Ng'ombe wakirudi, wamerudi ng'ombe," Pelagia alimwambia. "Ndoa inavunjwa na mahakama, mama Josephina. Na ni mahakama hiyohiyo inayoweza kusema kwamba nyumba mlichuma wote wawili, mgawane. Ukiondoka kienyeji tu, nani atakusikiliza habari ya matofali?"

"Basi kesho naenda mahakamani."

"Hawakupokei. Sheria ya Ndoa ya mwaka sabini na moja inataka uanzie baraza la usuluhishi. Wazee wakishindwa kuwapatanisha, wanakuandikia karatasi kwamba wameshindwa. Hiyo ndiyo unayoenda nayo mahakamani."

Pudensiana aliona ni jambo la siku moja. Hakuwa anamjua mzee Abednego.

Mzee Abednego, mwenyekiti wa baraza, alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa balaa. Alijisifu mbele ya kila mtu kwamba tangu akalie kiti kile hajawahi kushindwa kupatanisha mke na mume. Kumwomba aandike kwamba ameshindwa ilikuwa sawa na kumwomba aandike kwamba ameiba kuku wa jirani. Ndiye huyo sasa aliyekuwa ameshika nyumba ya Pudensiana mkononi.

Siku ya kwanza Luhende alikuwa amekwisha kufika, amekaa kwenye benchi na shati lake jeupe, mpole kama maji ya mtungini. Pudensiana akaingia, akamwona, na kabla akili haijasema lolote magoti yalikuwa yamefika sakafuni. Akamwamkia mumewe, kisha wazee.

"Mnaona nyie!" Abednego alipiga makofi. "Hapa kuna ndoa iliyovunjika? Mwanamke aliyemchoka mume hapigi magoti namna hii."

Pudensiana akawaonyesha kovu la jicho. Wazee wakalitazama, wakasikitika, wakamwonya Luhende kidogo, naye akaitikia kila onyo. Katika daftari la baraza likaandikwa neno moja: wamepatana.

Baada ya wiki sita akarudi, mdomo umevimba. Njia nzima alijisemesha kama kichaa: leo sipigi, leo sipigi hata wanikate. Akafika mlangoni, akamwona Luhende, akapiga. Akiwa palepale chini alitamani kujizaba kofi. Wamepatana, mara ya pili. Wakati huo mahindi yalikuwa yameanza kukauka shambani.

"Umepiga tena?" Pelagia aliuliza.

"Nimepiga."

"Mama Josephina, wewe umeenda kuomba talaka au kupokea kipaimara?"

"Ni miguu, dada Pelagia. Inaniwahi."

"Sasa sikiliza. Nimeisoma sheria ile mwanzo mpaka mwisho, na hakuna mahali inaposema mlalamikaji apige magoti. Hakuna!"

Mara ya tatu Pudensiana aliingia akasimama katikati ya chumba. Magoti yalimwomba ruhusa. Akayanyima. Wazee wakasubiri. Mmoja akakohoa ili kumkumbusha.

"Mama Josephina," Abednego alisema taratibu, "hujatuamkia."

"Shikamooni, wazee wangu. Leo nawaamkia nikiwa nimesimama."

Luhende alisahau upole wake, akaruka kutoka kwenye benchi. "Piga magoti, mwanamke! Unanidhalilisha mbele ya watu!" Ngumi aliikunja palepale, mbele ya baraza zima. Wala hawakuiona. Macho yote yalikuwa kwenye magoti ya Pudensiana, yaliyogoma kukunjika.

Abednego alinyong'onyea kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. "Kumbe ndoa imekufa kweli," alisema.

Kovu halikumshawishi. Mdomo uliovimba haukumshawishi. Magoti ndiyo yaliyomshawishi! Pudensiana alitaka kucheka, akataka kulia, lakini zaidi ya yote alitaka kumrushia mtu benchi.

Karatasi akaandikiwa. Alipotoka nje akaisoma, maana darasa la saba alimaliza: baraza limeshindwa kuwasuluhisha wanandoa hawa kwa kuwa mke hana heshima. Akaigeuza nyuma, labda habari ya ngumi imeandikwa huko. Nyuma palikuwa peupe. Hakwenda nyumbani wala kwa Pelagia. Alinyoosha moja kwa moja mahakama ya mwanzo kabla hasira haijapoa.

Karani, Josephat, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliisoma karatasi polepole, kisha akamtazama.

"Mama, umeiona hii sababu waliyoandika?"

"Nimeiona."

"Hakimu ataisoma mbele ya watu. Unaweza kurudi ukawaomba wakuandikie nyingine."

"Nirudi tena kule?" Sauti ilimpanda mpaka waliokuwa kwenye foleni wakageuka. "Ipokee hivyohivyo, kaka yangu. Miaka kumi na miwili nimekuwa na heshima, nikapata makovu mawili. Leo nimeikosa nusu saa tu, nimepata karatasi."

Josephat akavuta muhuri, akagonga.