Simu Isiyojua Ilipo

Walituita sisi wauza simu wa Tukuyu kwenye ukumbi mmoja pale mjini, wakatupa soda na karanga, wakasema kampuni inataka maoni yetu. Ilikuwa inaandaa simu janja mpya ya bei nafuu, ya kumtoa mtu wa kijijini kwenye kitochi, ile simu ndogo ya vitufe. Nilikwenda na kaka yangu, maana duka ni letu sote wawili. Baba alituachia likiwa duka la kanga na vitenge, sisi tukaligeuza la simu.

Msemaji alikuwa kijana kutoka Dar es Salaam, mpole, shati limenyooka. Alituonyesha picha za simu yenyewe, akaeleza kamera na kioo, kisha akasema kuna jambo moja hawajaliamua: iwe na kipokezi cha setilaiti, kile kinachoijulisha simu mahali ilipo, au kiondolewe? Kikiondolewa, bei inashuka na chaji inakaa zaidi.

"Kwa mtu wa mjini ni muhimu," alisema. "Lakini tuwe wakweli, jamani. Mkulima wa Rungwe shamba lake analijua, njia ya kwao anaijua. Huyu hapotei."

Ukumbi ukacheka. Kaka naye alicheka. Mimi nilihisi damu inanipanda kichwani, nikaweka soda chini.

Mdogo wangu wa kike ameolewa Isongole, kule wanakolima viazi. Mvua za mwaka uliotangulia zilimkuta na mimba kubwa. Hesabu ya miezi ilikuwa bado, na tulikuwa tumepanga ashuke mjini akae kwangu mpaka ajifungue. Kabla ya siku ile kufika, mchana mmoja shemeji alinipigia. Sauti ilikuwa inakatika.

"Dada, anatoka damu. Nyingi. Tafuta gari."

Pikipiki zilikuwepo, lakini nani angempakia mwanamke wa hali ile kwenye bodaboda, na utelezi ule? Nikatoka mbio mpaka kituoni, nikapata dereva mwenye gari zuri. Alikuwa mgeni, alikuwa ameleta abiria kutoka Mbeya na alikuwa anajiandaa kurudi. Sikuwa na muda wa kuchagua. Nilimwambia shemeji anitumie lokesheni, akaituma, nikaihamishia kwenye simu ya dereva. Nilitaka kwenda naye, lakini akasema nibaki nikawaambie hospitali wajiandae. Nikaona ni sawa. Gari likaondoka.

Ukungu wa Isongole siwezi kumweleza mtu asiyewahi kuuona. Unashuka ukiwa njiani na huoni tena hata ng'ombe aliye mbele yako. Njia za mashambani kule zinaachana kila baada ya hatua chache, na zote zinafanana: matuta ya viazi huku, matuta ya viazi kule.

Nilikuwa nimesimama kwenye kibaraza cha hospitali dereva aliponipigia.

"Dada, nimefika."

"Alhamdulillahi! Mgonjwa yukoje?"

"Hakuna mgonjwa. Hakuna hata nyumba. Ramani inasema nimefika, lakini hapa ni viazi tu."

Nikampigia shemeji. Alikuwa amesimama barabarani anapunga tochi kwenye ukungu, anasema hajaona gari wala hajasikia muungurumo. Nikampigia dereva tena, nikamwambia arudi nyuma. Akaniuliza arudi wapi, maana alishapita njia panda tatu na hakumbuki alikuja kwa ipi. Nikamwuliza anaona nini. "Naona weupe," alinijibu. Kisha mtandao ukakatika, na nilipompata tena alikuwa mahali pengine.

Nilikuja kuelewa baadaye kilichotokea. Simu ya shemeji, aliyoinunua Mbeya kwa sababu ilikuwa rahisi, haikuwa na kipokezi cha setilaiti. Ilikuwa inabahatisha mahali ilipo kwa kufuata minara ya mtandao, na mnara ulioikamata siku ile ulikuwa ng'ambo ya bonde. Alama nyekundu niliyoipokea mimi, nikaiamini, nikamkabidhi mtu mgeni, ilikuwa kilima kingine kabisa. Na hiyo setilaiti haidai bando. Haijali mnara uko wapi wala mtandao una nguvu kiasi gani. Ipo juu pale, bure, juu ya ukungu, juu ya Rungwe kama ilivyo juu ya Dar es Salaam. Kinachotakiwa ni kidude kidogo ndani ya simu, ambacho mtu fulani aliamua watu kama shemeji hawakihitaji.

Mwishowe majirani walimfunga mdogo wangu kwenye blanketi wakambeba mpaka barabara kubwa. Mwenye bodaboda mmoja akazunguka na honi mashambani mpaka akalipata gari, akaliongoza kurudi. Walipofika hospitali giza lilikuwa linaingia. Mdogo wangu alipona. Mtoto alitolewa amekwisha kufa. Alikuwa wa kiume.

Wanaume wachache walikwenda kumzika, mimi nikabaki wodini. Mama mkwe wa mdogo wangu, bibi asiye na Kiswahili kingi, alinishika mikono yote miwili. "Ndaga fijo, mwanangu," aliniambia. "Asante sana. Umetuletea gari." Niliona heri angenipiga.

Basi ndiyo maana nikasimama mle ukumbini. Nilitaka kusema vizuri, kwa mpangilio, kama mfanyabiashara. Sauti ikanitoka ya juu mno.

"Hapotei yeye! Nani kasema anapotea yeye? Anayepotea ni anayemfuata!"

Vichwa vikageuka. Nikaanza kueleza habari ya gari na ukungu, nikachanganya mambo, nikatanguliza hospitali, nikarudi kwenye minara, machozi yakaanza kunitoka, na nilivyochukia kulia mbele ya watu nikazidi kupayuka. Kaka akanivuta baibui taratibu. "Dada, kaa," alinong'ona. "Inatosha."

Kijana wa Dar es Salaam alinisikiliza mpaka mwisho. Siwezi kusema alinidharau.

"Pole sana, mama," alisema. "Tunakushukuru kwa hisia zako. Tumelipokea."

Hisia! Mwenzangu mmoja alisema chaji idumu, hilo likawa maoni. Mwingine alisema rangi nyeusi haionyeshi uchafu, hilo nalo maoni. Langu mimi likawa hisia. Nilitoka kabla ya chakula. Kaka alibaki akala.

Miezi ikapita, maboksi yakaja dukani. Kaka alifungua la kwanza, akasoma kijitabu chake, kisha akanisogezea bila kunitazama. Kipokezi hakikuwemo.

"Tusiziuze," nilimwambia.

"Tusipouza sisi atauza wa jirani."

"Auze yeye."

"Dada, hizi ndizo wanazozimudu. Unataka wabaki na vitochi? Hicho kitochi kina setilaiti?"

Nikamrudishia kijitabu chake kwa hasira. Zikauzwa. Watu walizipenda kweli, walizisifu kwa kukaa na chaji, wakaleta ndugu zao kutoka Nkunga na Msasani, hii ya kwetu Rungwe. Nami kila mteja aliyeishika nilimsimulia: mdogo wangu, damu, ukungu, gari ng'ambo ya bonde, mtoto. Wengine waliirudisha mezani. Wengi walisema "pole sana, dada," wakanunua.

Siku moja mdogo wangu aliingia dukani bila kupiga simu. Hakunisalimia. Alisubiri mteja atoke.

"Jirani yangu kanunua simu hapa," alisema. "Karudi ananipa pole. Ameniambia hata rangi ya blanketi."

"Mdogo wangu, nilikuwa ninawaonya..."

"Waonye kwa mwanao! Mimi mwanangu si tangazo. Unamtangaza hapa kama redio, kila anayekuja kununua vocha anamjua. Mimi mwenyewe sijaweza kumtaja mbele ya mume wangu."

Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa ninampigania. Nilitaka kumwambia habari ya ukumbi, na lile neno hisia. Lakini alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti cha wateja, amefunika uso kwa ushungi, na mabega yanamruka. Nikafunga mlango wa duka. Nikavuta kigoda nikakaa karibu naye. Kisha akaomba maji, akanywa, akaondoka na bodaboda kabla mvua haijaanza.

Tangu siku hiyo simsimulii mtu dukani. Hasira bado ninayo, nzima, ila sasa haina mahali pa kwenda. Kaka ameagiza boksi jingine. Mteja akiziulizia, ninamwita kaka amhudumie. Kaka asipokuwepo, ninasema zimekwisha.