Siku Niliyomwacha Mzee Bakari Amelala

Kila nikiutoa mhuri huu kabatini, mwanangu, nakumbuka alasiri moja ya mji wa Bowie, hapa hapa Maryland, iliyonifundisha kazi hii kuliko darasa lolote. Juzi umeniuliza, kwa Kiingereza chako cha mbiombio, mtu anaanzaje kuwa notari, shahidi rasmi wa saini za mikopo ya nyumba. Nami nakujibu kwa Kiswahili, ndivyo tulivyozoeana. Kunywa chai kwanza, jibu langu ni refu.

Kuanza si kugumu. Utaomba kibali cha jimbo, utasoma, utafanya mtihani, utakula kiapo. Utanunua mhuri, na daftari la kuandika kila saini unayoishuhudia. Utanunua printa ya trei mbili, maana karatasi za mkopo hazilingani urefu, na wino inavyoubugia, looh, acha tu! Kisha unajiandikisha na makampuni yanayotafuta watu wa kupeleka karatasi hizo mpaka mezani kwa mkopaji, aoneshe kitambulisho, asaini mbele yako, nawe ugonge mhuri. Halafu unakaa unaitazama simu.

Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. Mimi simu yangu ilinyamaza miezi, hata nikawa naazima ya jirani nijipigie, nione kama yangu ni nzima. Nikazunguka ofisi za hati za nyumba nikiacha kadi na tabasamu. Manassas nako, jimbo la jirani, nilifika, nikaambiwa kwa upole kwamba kibali cha Maryland hakifanyi kazi Virginia. Nilirudi njia nzima najicheka. Lakini mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na mimi nilikuwa nimegaagaa haswa.

Aliyenishika mkono ni Mama Verna, jirani yangu hapa Temple Hills. Mmarekani mweusi, Kiswahili alikisoma chuoni ujanani, akakisema kimenyooka kama shati lililopigwa pasi. Kazi hii aliifanya tangu kabla nywele zake hazijawa nyeupe. Alinitaka nimpelekee kila bahasha aikague kabla sijaituma. Mungu amrehemu. Ningempata leo, ningemwamkia mpaka achoke.

Basi simu ikalia. Kazi ya kwanza! Kuchapa karatasi, nikaona majina ninayoyajua, na kufika Bowie akanifungulia mlango mwenyewe: Mama Zaina, mtu wa Tanga kama mimi, mke wa Mzee Bakari. Walikuwa wanaiweka rehani nyumba yao, wapate mkopo wa kumalizia nyingine waliyokuwa wakiijenga kwetu miaka nenda rudi. Mzee alikuwa mgonjwa, na neno lake lilikuwa moja tu: anataka kurudi. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, akikwambia hivyo kila mkionana, na machozi yanamlenga.

"Shikamoo mama," nikamwambia. "Mzee yuko wapi? Naye anatakiwa kusaini."

"Marahaba mwanangu. Amelala, dawa zimemchosha. Usimwamshe baba yako. Nipe mimi nimsainie, hii si nyumba yetu sote?"

Nikasita. Mwanangu, wewe umezaliwa hapa, huenda usinielewe. Mimi nimelelewa kwamba mzee haamshwi. Ukimkuta amelala unanyata, unakaa uani unasubiri. Na kumdai kitambulisho mzee niliyekula kwake Idi zote? Niliona ni utovu wa adabu. Mama Zaina akasaini jina lake, akasaini na la mumewe, nami nikagonga mhuri kwamba Mzee Bakari alikuwa mbele yangu. Nikapewa na sambusa za njiani.

Nilipita kwa Mama Verna nikiwa na furaha yangu. Akavaa miwani, akafungua daftari, akaona mstari wa Mzee hauna namba ya kitambulisho.

"Je, mzee huyu aliketi mbele yako?"

"Alikuwa amelala, Mama. Kwetu mzee haamshwi."

Akavua miwani. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Kwenu mzee haamshwi. Je, kwenu mzee huwekewa nyumba yake rehani akiwa usingizini?"

Nilitamani ardhi inimeze. Akanisogezea simu. "Piga. Sema ulichofanya." Nikamlilia, nikamwambia nimesubiri kazi hii miezi, wataninyang'anya. Akasema, "Huenda." Basi. Mficha uchi hazai, mwanangu. Nikapiga, nikasema yote. Kampuni ikaniambia zile karatasi hazifai tena, nichape upya, nisainishe kesho yake mchana. Kisha hawakuniita tena maisha.

Kesho yake nilikwenda na kitambulisho changu mwenyewe mkononi, kwa woga tu. Mama Zaina alinipokea amenuna kidogo. Lakini Mzee, lo! Alikuwa ameshakaa mezani. Suti yake ya Idi, kofia iliyoshonwa kwa mkono, amenyoa ndevu, kitambulisho kimelala mbele yake tayari.

"Ndiye wewe uliyetaka kunipita nimelala?" akaniuliza.

"Nisamehe, baba. Niliona haya kukuamsha."

"Miaka yote katika nchi hii nimesaini karatasi za watu. Za hospitali nilikofanya kazi, za shule za watoto, za madaktari. Hii moja ndiyo ya kunirudisha kwetu. Ungeniamsha, mwanangu. Hata ningekuwa nakata roho, ungeniamsha."

Alisaini polepole, kila ukurasa anautazama kama anasoma barua ya mamake. Ilichukua saa nzima na zaidi. Mama Zaina akawa anamshikia karatasi zisiteleze, na kununa kwake kukaisha, akaanza kulia. Na mimi nikalia. Nilikuwa nimemkumbuka mama yangu, aliyezikwa Tanga nami sipo, nikatuma rambirambi kwa simu kama mgeni.

Mzee hakuifikia nyumba ile. Alifariki kabla bati halijapanda. Nilipokwenda kuhani, Mama Zaina alinivuta chumbani akaniambia, "Nakala uliyomwachia alilala nayo chini ya mto mpaka siku ya mwisho. Akiamka usiku anaipapasa, anauliza, Zaina, hii si saini yangu? Namwambia yako. Analala tena." Kisha akanishika mkono. "Ningemdanganya nini, mwanangu, kama ungeniacha na ile saini niliyomwekea mimi?"

Hilo ndilo jibu langu. Kibali utapata, kazi utapata, ukitafuta bila kuona haya. Lakini aliyelala mwamshe, kwa adabu zote, umwamkie, umuombe radhi, umsubiri avae. Usimruhusu mtu yeyote asaini kwa niaba ya mwenzake, hata kwa mapenzi. Na nawe pale unapotakiwa uwepo, nenda mwenyewe. Mimi nilituma rambirambi, na mpaka leo nautamani udongo wa kaburi la mama yangu.

Haya, lete mkono nikuwekee huu mhuri wa zamani ushike kidogo. Mungu akupe riziki ya halali, akupe macho ya kumwona aliye mbele yako, na siku yako ya kurudi nyumbani, popote utakapopaita nyumbani, ikukute macho.